Kutojitambulisha mtandaoni

'''Kutojitambulisha mtandaoni''' ni hali ya mtu kushiriki mazungumzo ya intaneti bila kutaja jina lake halisi. Wengine hawatumii jina lolote. Wengine hutumia lakabu, yaani jina la kupanga, ambalo huweza kudumu miaka mingi hadi wasomaji wakamzoea mwandishi bila kujua ni nani.

Hali hiyo humlinda anayesema ukweli wenye hatari, lakini humlinda pia anayetukana, kutapeli au kuzusha. Ndiyo maana sheria za nchi mbalimbali zinatofautiana kuihusu.

== Historia ==
Desturi ya kuandika bila jina ni ya kale kuliko intaneti. Mnamo 1787 na 1788 Alexander Hamilton, James Madison na John Jay walitetea katiba mpya ya Marekani magazetini wakitumia lakabu moja, "Publius". Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya McIntyre dhidi ya Tume ya Uchaguzi ya Ohio, ilibatilisha sheria iliyokataza vipeperushi vya uchaguzi visivyo na jina la mwandishi.

== Kiwango cha usiri ==
Asiyetaja jina si lazima awe hajulikani kabisa. Kila kifaa kilichounganishwa na intaneti hutumia anwani ya IP, na mwenye tovuti huweza kuitunza pamoja na baruapepe au namba ya simu ya mtumiaji. Nchini Tanzania, tangu 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Hivyo usiri wa mwandishi hutegemea hasa nani anatunza kumbukumbu zake, na ni katika mazingira gani anaweza kulazimishwa kuzitoa.

== Faida ==
* Mfanyakazi anaweza kufichua rushwa kazini bila kufukuzwa au kutishwa.
* Mgonjwa, au mtu aliyefanyiwa ukatili nyumbani, anaweza kuomba ushauri bila aibu.
* Hoja hupimwa kwa uzito wake, si kwa cheo, kabila, umri au jinsia ya msemaji.

== Hasara ==
* Aliyechafuliwa jina hupata shida kumjua wa kumshtaki, na uzushi huendelea kusambaa.
* Mtu mmoja anaweza kufungua akaunti nyingi na kujifanya umati.
* Msomaji hawezi kujua kama msemaji ana ujuzi wa jambo analolisema, au kama ana maslahi ndani yake.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kwamba watu wakiwa mtandaoni hulegeza vizuizi vya kawaida vya tabia, na kutojulikana ni mojawapo ya sababu. Alionyesha kuwa ulegevu huo una pande mbili: mmoja hutoa siri ya moyoni au kumsaidia mgeni, mwingine humwaga matusi na vitisho.

== Sheria na kesi ==
Korea Kusini ilianza mwaka 2007 kuzilazimisha tovuti kubwa kuhakiki utambulisho wa watumiaji kabla ya kuwaruhusu kuandika. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watu takriban milioni 35 kutoka huduma za Nate na Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ilifuta sharti hilo kwa kauli moja. Iliona kwamba linabana uhuru wa maoni, na kwamba haikuthibitika kuwa limepunguza maandishi haramu.

Nchini Tanzania suala hilo lilifika mahakamani kupitia JamiiForums, jukwaa la majadiliano lililoanzishwa mwaka 2006 ambalo wachangiaji wake wengi hutumia lakabu. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza Maxence Melo alikamatwa, kisha akashtakiwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Alidaiwa kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao New York, ilimpa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo, akahukumiwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

== Njia za kati ==
Mwaka 2015 David Kaye, mwandishi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa maoni, alipendekeza kwamba kutojitambulisha kulindwe, na kwamba vizuizi vyovyote viwe vya kisheria, vya lazima na visizidi kiasi. Kwa mtazamo huo, aliyekashifiwa bado anaweza kupata haki: huomba amri ya mahakama kuhusu maandishi mahususi, bila watumiaji wote kulazimishwa kujitaja tangu mwanzo. Majukwaa mengi pia huwa na wasimamizi wanaofuta matusi, na hudai kila mshiriki abaki na lakabu moja ili awajibike kwa aliyoyaandika.