Difu: maana, uwiano na matumizi

difu *nomino* [i-/zi-]. Neno la mkopo, lililofupishwa kutoka Kiingereza.

Maana. Mtambo wa meno ulio katikati ya ekseli inayoendesha magurudumu. Hupokea mzunguko kutoka kwenye propela, huupunguza kasi, kisha huugawa kwa magurudumu ya kushoto na kulia, huku ukiliruhusu gurudumu la nje kuzunguka kwa kasi zaidi gari linapokata kona. *Difu ya lori imevunjika. Difu zote mbili zinalia.*

Maneno ya jirani. *Pinioni* ni gurudumu dogo la meno linalozungushwa na propela. *Krauni* ni gurudumu kubwa linalozungushwa na pinioni. Hivi viwili husuguliwa pamoja kiwandani, kwa hiyo hubadilishwa vyote kwa pamoja.

Uwiano wa difu. Ni idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni. Krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 11 hutoa 3.36: propela huzunguka mara 3.36 ili magurudumu yazunguke mara moja. Meno 39 kwa 10 hutoa 3.9, meno 40 kwa 9 hutoa 4.44.

Tofauti hizi hudhihirika katika mashindano ya magari. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, liliuzwa Marekani likiwa na giaboksi ya gia nne na difu ya 3.36, iliyofaa barabara ndefu za lami. Tuchukue mfano wa hesabu: injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, gia ni ile ya moja kwa moja, na mzingo wa tairi ni mita 2. Kwa difu ya 3.36 gari litakwenda takriban kilomita 214 kwa saa, kwa 3.9, takriban 185, kwa 4.44, 162. Kasi ya juu inapungua, lakini nguvu ya kuzungusha magurudumu inaongezeka kwa kiwango kilekile. Katika vumbi, matope na miinuko, dereva wa mashindano huhitaji zaidi hiyo nguvu. Lori linalopanda Kitonga mkoani Iringa likiwa na shehena hutegemea kanuni hiyohiyo.

Wamiliki wengi wa magari ya aina hiyo huondoa difu ya awali, R180, na kuweka R200 ya matoleo ya baadaye, iliyo imara zaidi. Namba hizo hutokana na kipenyo cha krauni kwa milimita. Anayebadilisha uwiano akumbuke pia mita ya kasi: ikiwa inaendeshwa na giaboksi, itaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli pindi namba ya difu inapoongezeka, mpaka nayo irekebishwe.

Tahadhari kwa mfasiri: "juu" na "chini". Katika Kiingereza cha mafundi, difu inayoitwa ya juu ndiyo yenye namba ndogo, kwa kuwa hulipa gari kasi ya juu. Ile ya chini ina namba kubwa. Anayefasiri neno kwa neno na kuandika *uwiano wa juu* atamfanya msomaji aelewe namba kubwa, na mnunuzi ataagiza kifaa kilicho kinyume cha alichohitaji. Andika ama namba yenyewe, ama matokeo yake: *difu ya kasi* (3.36), *difu ya nguvu* (4.44). Njia salama kuliko zote ni kutaja meno: *krauni 40, pinioni 9*.

Tahadhari ya pili: "kufunga difu". Kwa fundi, *kufunga* ni kukiweka kifaa mahali pake na kukaza boliti: *Amefunga injini*. Kwa dereva wa trekta aliyekwama katika majaruba ya mpunga ya Usangu, karibu na Rujewa, *kufunga difu* ni kuyalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja ili trekta litoke kwenye tope. Sentensi *Difu imefungwa* ina maana zote mbili, na muktadha hautoshi kila mara. Hatari ni ya kweli: difu iliyofungwa kwa maana ya pili haipaswi kuachwa hivyo wakati wa kukata kona kwenye ardhi ngumu, kwa kuwa chombo kitagoma kupinda na ekseli inaweza kuvunjika. Katika miongozo ya matumizi, tenganisha maana hizo:

- *kufunga difu*: kuiweka difu katika gari. Kinyume: *kufungua*, *kushusha difu*.
- *kuloki difu*, *kufunga loki ya difu*: kuyafanya magurudumu yazunguke pamoja. Kinyume: *kuachia loki*.

Mifano. *Achia loki ya difu kabla ya kugeuza trekta mwisho wa jaruba. Gari hili limefungwa difu ya 3.9. Difu imekula meno; pinioni na krauni zibadilishwe pamoja.*