Samaki wa mto wamekwenda wapi? Historia ya Nile pale Jinja

[Muziki wa kufungua. Unashuka.]



Swali la leo limetoka kwa mama mmoja anayeuza mukene kwa kikombe hapa sokoni kwetu. Aliniuliza: "Mwanangu, mto mkubwa kama Nile unapita Jinja, mbona samaki wote wanaotufikia ni wa ziwani? Wale wa mtoni wamekwenda wapi?" Nilidhani jibu ninalo, nikamwambia: bwawa la umeme, mama. Kisha nikaenda kusoma, nikakuta jibu langu lilikuwa nusu tu.

Tuanze mwanzo. Jina Jinja lenyewe linatokana na jiwe. Pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria palikuwa na mwamba uliokatiza mto, na maji yalianguka juu yake kwa kishindo. Wenyeji walipaita Mawe. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo, akapabatiza Ripon, jina la mheshimiwa mmoja wa kwao, kana kwamba mahali hapo palikuwa pakimngoja yeye apape jina. Lakini tumshukuru kwa jambo moja: aliandika alichokiona. Aliona maelfu ya samaki wakiruka kwa nguvu zao zote kuyapanda maporomoko. Aliona wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wamejipanga juu ya mawe na fimbo na ndoana zao, na viboko na mamba wamejilaza majini.

Samaki wanaopanda maji makali namna hiyo pale Jinja ni watu wa mto hasa: kisinja, mkubwa mwenye magamba mapana, na ningu, mwenye mdomo wa kunyonya uliotazama chini. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu maji yanayokimbia yana chakula. Mahali penye mawe maji hayana kina, jua linafika chini, na juu ya jiwe unaota ule utelezi wa kijani uliowahi kukuangusha ulipokuwa unachota maji. Utelezi huo ni shamba. Ningu anaufyonza. Kuna pia samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Neochromis simotes, mwenye meno ya kukwangua mawe, naye anajulikana kutoka sehemu hii tu ya Nile. Tena maji yakianguka yanachanganyika na hewa, na samaki wa maji makali wamezoea hewa nyingi.

Halafu kuna wadudu. Mabuu ya wadudu wengi hujishikiza kwenye jiwe na kungoja mto uwaletee chakula, nao samaki huja kuyala hayo mabuu. Mmoja wa wadudu hao ni usubi, nzi mdogo mweusi anayeuma vibaya na kuambukiza ugonjwa unaopofusha macho. Uganda wanamwita mbwa. Usicheke, waliowahi kuumwa naye wanasema jina linamfaa.

[Muziki mfupi.]

Mwaka 1907 Winston Churchill alipita Jinja akiwa bado kijana, akaona maji yale yote yanaanguka bure, akatamani yazungushe mitambo. Miaka zaidi ya arobaini baadaye ikawa. Wakoloni walikubaliana na Misri mwaka 1949, kwa sababu Misri nayo inaishi kwa maji hayo hayo, na mhandisi wa Misri akapewa nafasi ya kukaa Jinja kuangalia kiasi kinachoachiwa. Ukuta wa zege wa zaidi ya mita 30 ukasimamishwa kwenye maporomoko ya Owen, chini kidogo ya Ripon. Malkia Elizabeth akaufungua tarehe 29 Aprili 1954. Mitambo kumi, megawati 150. Viwanda vikaota Jinja, na nyaya zikaenda mashariki hadi Tororo na Mbale. Leo bwawa hilo linaitwa Nalubaale.

Maporomoko ya Ripon yalizama. Yale mawe ya wavuvi wa Speke yako chini ya maji.

Na hapo ndipo meza ya samaki ilipobadilika. Juu ya ukuta maji yalituama yakawa na kina. Jua halifiki tena kwenye mawe, tope linatua juu yake, na utelezi wa kijani unakufa. Mabuu yanayotaka mkondo hayana mkondo. Samaki wa mawe hafi siku ile maji yanapopanda, la. Anabaki hai, lakini chakula chake kinapungua na pa kuzalia panaharibika, na watoto wake wanakuwa wachache mwaka hadi mwaka. Anayeishi chini ya ukuta, akitaka kupanda ziwani kama babu zake, anakuta zege.

Kuna na jambo ambalo mimi sikulijua kabisa. Katika miaka hiyo ya 1950 dawa ya DDT ilimwagwa mtoni pale Jinja ili kumwua usubi. Kwa binadamu ilikuwa heri, na hakuna anayemlilia usubi. Lakini mabuu yale yalikuwa chakula cha mtu. Jinja kulikuwa na kituo cha utafiti wa samaki tangu 1947, na mtaalamu wake mmoja, Philip Corbet, alikuwa akipasua matumbo ya samaki kuona wamekula nini. Mwaka 1958 aliandika juu ya namna vita dhidi ya usubi ilivyowagusa samaki wanaokula wadudu. Kwa hiyo walipata mapigo mawili karibu kwa wakati mmoja, na si rahisi leo kusema lipi lilitoka kwa zege na lipi kwa dawa.

Sasa ile nusu ya pili ya jibu. Inatupeleka Mbale, kama kilomita 150 kutoka Jinja. Mito ya huko, Manafwa na Namatala, inashuka kutoka Mlima Elgon, inaingia kwenye matope ya Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Hakuna Nalubaale huko. Mvua ikinyesha mlimani mto unafurika kwenye majani, na kambale anaufuata huko huko, anataga, watoto wanakula vidudu vya majini vilivyojaa kwenye maji ya mafuriko. Ningu naye huzaa hivyo hivyo: anangoja mvua, anatoka ziwani, anapanda mto.

Na ningu alipotea hata kwenye mito ya Ziwa Viktoria isiyokuwa na bwawa. Sababu ni nyavu. Nyavu za kutega zilikuja ziwani mwaka 1905, upande wa Kisumu, na watu wakajua kwamba mvua ikianza ukitega mdomoni mwa mto unawapata ningu wote, wamejaa mayai. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wameshaandika kwamba uvuvi wa ningu umeanguka. Tena miaka hiyo hiyo mbuta aliwekwa ziwani, akawala wenzake bila huruma. Kwa hiyo mama, nilikosea. Zege lilifunga njia moja, na watu wakafunga nyingine nyingi.

Bwawa lina mkono hata ziwani. Kati ya 2004 na 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalishuka sana. Ukame ulikuwepo, lakini pia mitambo ya Jinja ilikuwa ikiachia maji zaidi ya kiasi kilichokubaliwa na Misri. Matope ya kando, ambamo watoto wa ngege hula na kujificha, yalibaki makavu.

Ila kuna wanaoshiba. Mukene hahitaji jiwe wala mkondo: anakula vidudu vya maji yaliyotulia, anazaa haraka. Ninyi mliotoka Uvira, Fizi au Rumonge mnamjua mwenzake, ndakala. Bwawa la Kariba lilipojengwa kusini huko kwenye mto Zambezi, ndakala wa Tanganyika walibebwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kumwagwa humo, nao wakajaa. Wanaitwa kapenta.

Nile ya Jinja imeendelea kufungwa. Bujagali ilizinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yake yakazama. Kwa kufidia, serikali iliahidi Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi, hayataguswa. Mwaka 2019 ikaja Isimba, na maji yake yakapanda hadi sehemu ya eneo hilo lililoahidiwa.

Ningu na kisinja hawajaisha. Kituo cha Kajjansi, karibu na Kampala, kimejifunza kuwazalisha. Jike la ningu halingoji tena mvua ya mlimani wala halipandi mto wowote: linachomwa sindano ya homoni, na mayai yanakamuliwa kwa mkono ndani ya beseni.

[Muziki wa kufunga.]