Nani Aliruhusiwa Kutua Mzigo?

Bibi yangu mzaa mama alibeba mizigo mjini Bukavu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipokea magunia ya mihogo kando ya Ziwa Kivu, akayapandisha mlimani hadi soko la Kadutu, ukanda ukiwa umepita kwenye paji la uso na gunia likilala mgongoni. Leo hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Mwenyewe husema ni uzee. Jirani mmoja husema amerogwa. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba maumivu yake yana historia, na kwamba historia hiyo ilianza kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mjini Modena kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja kwa yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: kazi yako ni ipi? Alitaja visababishi viwili vikuu vya maradhi hayo: vitu vyenye madhara vinavyotumika kazini, na mwendo wa nguvu kupita kiasi pamoja na mkao mbaya wa mwili. Wabeba mizigo ni miongoni mwa watu aliowaandikia. Naona swali lake linatufaa hata sisi wanafunzi wa historia.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Kiswahili nacho kilitufikia kwa njia hiyo. Vitabu husimulia pembe za ndovu, vitambaa, shanga na Tippu Tip. Mizigo ilipimwa kwa frasila, yaani karibu kilo 16, na mara nyingi mpagazi alibeba karibu frasila mbili, mbali na chakula na mkeka wake. Kipimo hicho kilitoka kwenye hesabu ya biashara. Hakikutoka kwenye mgongo wa mbebaji.

Je, mwilini hutokea nini? Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu. Kwa mtu mzima visahani hivi karibu havina mishipa ya damu, kwa hiyo vikiumia hupona polepole sana. Mtu akiinama na mzigo mzito siku baada ya siku, kisahani kinaweza kutokeza nje na kubana neva, na maumivu yakashuka hadi mguuni. Goti hutaabika zaidi kwenye mteremko, kwa kuwa misuli ya paja hulazimika kuuzuia uzito wote usiporomoke. Kifundo cha mguu huteguka kwa jiwe moja tu lililoteleza. Kano zilizovutika zisipopumzishwa hubaki legevu, na mguu huo huteguka tena na tena.

Wapo watakaosema kwamba Wanyamwezi waliizoea kazi hii na kujivunia ustadi wao. Ni kweli. Upagazi ulikuwa kazi ya heshima kwao, na vijana waliutamani. Lakini mpagazi wa kulipwa aliweza kubishania ujira na uzito, akagoma, au akautupa mzigo na kutoroka. Njia hizo za kujinusuru zilikuwa sehemu ya ustadi wake.

Vita Kuu ya Kwanza iliifanya kazi hiyo kuwa amri. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilitoka Kongo, likapita Rwanda na Burundi, na mwezi Septemba likaingia Tabora. Barabara za magari zilikuwa chache, hivyo risasi na chakula vilikwenda kwa mabega na vichwa vya watu. Kwa upande wa Waingereza, kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps ndicho kilichoacha jina la Kariakoo huko Dar es Salaam. Hesabu za Waingereza zinataja zaidi ya wapagazi 90,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi. Hesabu ya vifo ni lazima tuijue. Hata hivyo, haiwezi kutuonyesha mtu aliyerudi kijijini akiwa hai, goti likiwa limevimba, asiweze tena kushika jembe.

Kwa hiyo ninakubaliana na Ramazzini, lakini naongeza swali la pili. Baada ya kuuliza kazi ya mtu, tuulize nani aliruhusiwa kutua mzigo. Kilo zilezile humwumiza zaidi asiyeweza kupumzika.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa juu wa mizigo. Pendekezo lililoambatana nao linataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na uzito wa chini zaidi ya huo kwa mwanamke. Nilipomsomea bibi namba hiyo, nilimwuliza gunia lake lilikuwa na kilo ngapi. Alicheka. Mizani, alisema, ilikuwa ya mwenye gunia, na yeye hakuwahi kuonyeshwa. Alijua tu kwamba akilitua njiani hatapata wa kumtwika tena, na watoto wanangoja kula.

Mmoja wa watoto hao ni mama yangu.