Kanisa Kuu la Mkunazini, Mama Yetu wa Ng'ambo

Sisi Waanglikana wa Bonde tumezoea kujivunia Magila yetu, na tuna haki. Padri Charles Alington alifungua misheni huko mwaka 1868, kabla hata jiwe moja la Mkunazini halijawekwa. Lakini kwa miaka mingi kiti cha askofu wetu kilikuwa ng'ambo, Unguja, katika Kanisa Kuu la Kristo. Historia ya jengo lile ni yetu pia, na wajukuu zetu wanaosali Muheza na Korogwe wanastahili kuijua.

Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Misheni ya Kianglikana ya UMCA haikupoteza muda. Sehemu ya kiwanja ilikuwa zawadi ya Jairam Senji, tajiri wa Kihindu, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 1874 Dk. Edward Steere akawekwa wakfu kuwa askofu, na hapo ujenzi ukapata mwenyewe.

Steere nampenda kuliko wote waliomtangulia na waliomfuata, wala sifichi. Aliandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, akakusanya hadithi zetu, akatafsiri Maandiko, na bado akapata nguvu za kusimama juani na mafundi. Kati ya waliobeba mawe na kukoroga chokaa walikuwamo ndugu waliokombolewa utumwani. Hao tuna deni nao kubwa.

Ukiingia, inua macho kwanza. Vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Steere alitaka ukumbi wenye upana wa futi 28 hivi, usio na boriti hata moja juu yake. Akaufunika kwa tao refu, kama mtumbwi uliopinduliwa, la vipande vya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa saruji. Wengi walisema litawaangukia waumini. Krismasi ya 1877 ibada ikafanyika humo jengo likiwa bado halijatimia, paa likakamilishwa baadaye, na mpaka leo lingali juu ya vichwa vyetu.

Kisha nenda upande wa magharibi, penye kisima cha ubatizo. Wazee husimulia kwamba Askofu alisafiri, na mafundi ambao hawajapata kuona nguzo za namna ile wakazisimamisha kichwa chini, miguu juu. Aliporudi akaziacha vilevile. Namshukuru kwa hilo, maana ukizitazama unaiona kazi ya mafundi wetu jinsi walivyoielewa wenyewe.

Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Upo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Saa ya mnara ilitolewa na Barghash mwenyewe, Mwislamu, na sisi watu wa pwani hatushangai. Steere alifariki Agosti 1882 na kulazwa nyuma ya altare.

Miaka iliyofuata nitaitaja kwa kifupi. Vijana wa Bonde walivuka kwenda kusoma katika chuo cha Kiungani, Unguja, wakarudi walimu na mapadri. Miaka ya 1960 ilikuwa na mitihani yake, Mungu akatuvusha. Askofu John Ramadhani alituongoza tangu 1980 hadi 2000, dayosisi ikiwa bado ya Zanzibar na Tanga kwa pamoja. Mwaka 1998 ikawekwa uani sanamu ya watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2001 dayosisi ikagawanywa, Tanga ikawa na yake. Baadaye jengo likafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2016 kikafunguliwa jirani yake kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa.