Maziko ya Wafore, Muhogo wa Mtwara

Mama aliyelala mzima akiamka miguu imekakamaa, bila homa wala ajali, jirani huuliza kwanza: nani kamfanyia? Wafore wa nyanda za juu za Papua Guinea Mpya waliuliza hivyohivyo, na swali hilo si geni kwetu huku kusini, kwenye mashamba ya muhogo ya Madimba na ng'ambo ya Ruvuma.

Ugonjwa wa Wafore ni kuru. Mgonjwa aliyumba, akatetemeka, akashindwa kusimama, mwisho akashindwa kumeza, akafa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 uliua watu wapatao 200 kwa mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Wenyewe walisema mchawi ameiba mabaki ya chakula cha mgonjwa, akayafunga kwa majani na kuyafukia topeni. Wataalamu nao walishuku urithi wa damu. Wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walikaa nao na kuwauliza nani alikufa lini, na desturi gani ilianza lini. Njia ikaelekea kwenye karamu za maziko, ambako jamaa walikula mwili wa marehemu kwa mapenzi, na ubongo ukawafikia zaidi wanawake na watoto.

Mwaka 1966 Carleton Gajdusek na wenzake walitangaza kuwa sokwe waliodungwa ubongo wa wagonjwa waliugua. Mwaka 1982 Stanley Prusiner akakiita chanzo cha maradhi ya aina hii prioni: protini iliyojikunja vibaya, ambayo ikikutana na protini nzima ya aina yake huikunja kama yenyewe. Haina vinasaba, na kuchemsha hakuiharibu. Wapo waliokula utotoni wakaugua zaidi ya miaka 50 baadaye. Dawa haikupatikana, kuru ilikoma kwa sababu Wafore waliacha karamu ile.

Huku kwetu ni konzo. Haina prioni, wala mtu hamwambukizi mwenziwe. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili huivunja kwa msaada wa protini za chakula kama samaki na maharage. Ukame ukija, mboga hukosekana na muhogo unabaki peke yake mezani. Hapo miguu hukakamaa ghafla, na haiponi kabisa. Hapa pia wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama. Mwaka 1981 ng'ambo, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, walipatikana zaidi ya wagonjwa 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikazuka Mtwara.

Msomaji wa haraka atasema mila zimeua kote kuwili. Nakataa. Mkulima hapandi muhogo mchungu kwa ujinga: nguruwe na nyani huuogopa, na mwizi hauli shambani. Bibi zetu walijua kuumenya, kuuanika siku nyingi uwe makopa, ndipo kuutwanga. Njaa ndiyo inayoikata mila hiyo. Katika ukame wa 1988 wilayani Masasi watu walilewa sumu baada ya kula ugali wa muhogo uliotwangwa na kuanikwa harakaharaka, kwa sababu watoto hawakuweza kungoja. Kwa Wafore tiba ilikuwa kuacha desturi. Kwetu ni kumpa mama muda wa kuitimiza, na kuiongezea kidogo, maana jua peke yake haliondoi sumu yote.

Nyongeza hiyo aliibuni Howard Bradbury wa Australia, na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, akiwemo Nicholas Mlingi, wakaipeleka vijijini. Tia unga kwenye beseni, weka alama mahali ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Utandaze mkekani, mwembamba usiozidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hupaa. Songa ugali siku hiyohiyo.

Ninyi wahudumu wa zahanati za Mtwara, mvua zikikosekana msisubiri mtoto wa kwanza aletwe akiwa amebebwa mgongoni. Nendeni mkawaulize akina mama makopa yamekaa juani siku ngapi, na wiki hii wamekula ugali na nini.