Kutoka Jiwe la Liwa hadi Sabuni ya Mwani

Watu wa Pwani hawakuuhesabu uzuri wa mwili kuwa jambo la upuuzi. Katika nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa marashi, singo ikachanganywa kwa ajili ya bibi arusi, na asumini, mrehani na mlangilangi vikafungwa kuwa kikuba. Maarifa hayo hayakutoka kitabuni. Somo alimfundisha mwari kwa mkono na kwa pua: kiasi gani chatosha, harufu ipi huishinda nyingine, na ngozi ipi haistahimili ukali wa karafuu. Yalikuwa mafunzo kamili, ijapokuwa hayakutoa hati, wala aghalabu hayakukusudiwa kumpatia mtu riziki sokoni.

Kando ya ujuzi huo wa nyumbani ulisitawi uchumi wa namna nyingine. Karafuu zilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, zikahudumiwa kwa jasho la watumwa mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Zilianikwa, zikatiwa magunia, zikasafirishwa. Faida kubwa ya kuzigeuza kuwa mafuta, manukato na dawa ilibaki ng'ambo. Hivyo visiwa vilivyojaa harufu vikawa wanunuzi wa harufu katika chupa.

Mambo hayo yalijirudia baharini. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanawake ndio walioishika kazi hiyo zaidi, wakiinama majini saa nyingi, wakifunga mbegu katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Walipata fedha zao wenyewe, na heshima yao nyumbani ikazidi. Lakini mwani mkavu uliuzwa kwa bei duni, na utomvu wake ukaenda kuipa uzito dawa ya meno na losheni za wengine. Kisha maji ya bahari yakazidi joto, na ile aina iitwayo cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, ikawa inakufa.

Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani na watafiti, na Dkt. Flower Msuya, mtaalamu wa mambo ya bahari, akawa mstari wa mbele. Wanawake wakafundishwa kuusaga mwani kuwa unga na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi pamoja na karafuu au mchaichai. Kipande kimoja cha sabuni kiliweza kupata bei ipitayo ile ya kilo nzima ya mwani mkavu. Mmea ni uleule. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Hapo pana fundisho kwa wale wanaowakusanya vijana wasio na kazi ili wawafunze kutengeneza sabuni na mafuta ya mimea. Mafunzo ya siku chache humwonyesha kijana kazi, hayamkabidhi kazi. Hana budi ajue kwamba kostiki soda hutiwa katika maji, wala si maji juu yake. Kwamba kila kitu hupimwa kwa mizani. Na kwamba sabuni isiyopikwa hukaa majuma kadhaa kabla ya kuuzwa. Hana budi ajue hesabu pia, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, lakini sabuni njema isiyo na mnunuzi wala alama ya ubora hubaki kabatini.

Somo wa zamani hakumwacha mwari siku ya tatu. Alikaa naye, akamrudi alipokosea, akamtoa alipofuzu. Vijana wa leo wana mimea ileile na haja kubwa zaidi. Wakinyimwa subira hiyo ya kufunzwa, watarudi kuuza magunia, na chupa zitaendelea kutoka mbali.