Gia ya Baiskeli na Sikio la Mpandaji

Mtu aendaye kwa baiskeli Kerenge, katika Wilaya ya Korogwe, hana haja ya kuelezwa maana ya mlima, kwani safu ya Usambara i mbele ya macho yake. Baiskeli iliyozoeleka nchini kwa miaka mingi, Raleigh ya Uingereza na baadaye Phoenix ya China, ilikuwa na mwendo mmoja tu. Palipoinuka sana mpandaji alishuka akaisukuma. Kwa sababu hiyo yu rahisi mtu kudhani kwamba gia ni uvumbuzi wa juzi. La, sivyo.

Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huo huo, huko Uingereza, ilisajiliwa hati ya kitovu cha gurudumu chenye miendo mitatu, ambacho Frank Bowden, mwenye kampuni ya Raleigh, alikitia sokoni kwa jina la Sturmey-Archer. Nako Ufaransa, katika mji wa Saint-Étienne, Paul de Vivie alikuwa akiwasihi wenziwe wakubali baiskeli yenye miendo mingi. Basi ni nini kilichoichelewesha gia?

Kwetu kizuizi kilikuwa bei na matengenezo: mnyororo usiohama hauna mengi ya kuharibika, na fundi wa kando ya njia huumudu kwa spana chache. Ulaya kizuizi kilikuwa kiburi. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, aliona kuwa gia yawafaa wenye umri mkubwa, wala si mashujaa. Chombo cha kuhamisha mnyororo hakikuruhusiwa kwa washindani wote mpaka mwaka 1937, naye Roger Lapébie akashinda kwacho mwaka huo. Kabla ya hapo washindani walishuka chini ya mlima, wakaligeuza gurudumu la nyuma lililokuwa na meno pande zote mbili, ndipo wakapanda. Kumbe hata bingwa wa Ulaya alishuka penye mlima, kama mkulima wa Korogwe.

Gia ilipokubaliwa ilidai elimu mpya. Wenzo wake, uliofungwa aghalabu kwenye bomba la fremu, haukuwa na alama ya kusimama. Mpandaji aliuvuta kidogo kidogo, akisikiliza: mnyororo ukikwaruza, bado, ukinyamaza, umekaa. Sikio ndilo lililokuwa kipimo. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ikatoa wenzo wenye vituo, kila kituo kikiwa na mlio wake, na mwaka 1990 ikauunganisha na mkono wa breki.

Wengi walidhani kuwa ujuzi umekwisha kazi. Kwa kweli ulihama tu, ukatoka mkononi mwa mpandaji ukaingia katika urekebishaji. Waya ukilegea, kituo husema uongo: wenzo hulia, na mnyororo usihame. Hapo hapana budi kujua kanuni chache. Mnyororo ukisita kupanda kwenye meno makubwa ya nyuma, waya ukazwe kwa kuizungusha nati yake ndogo robo mzunguko, kisha ujaribiwe. Ukisita kushuka kwenye meno madogo, ulegezwe vivyo hivyo. Skurubu mbili za mipaka huzuia mnyororo usiingie katika spoki wala usidondoke upande wa fremu. Hizo zisichezewe ovyo. Na gia ibadilishwe kabla ya mlima kuanza kuuma, miguu ingali ikizunguka kwa wepesi, maana mnyororo uliolemewa huhama kwa shida.

Huko Kikuyu, nchini Kenya, vijana wa David Kinjah, ambaye alimlea kimchezo Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne, hujifunza kuendesha pamoja na kutengeneza. Njia hiyo ndiyo itufaayo. Baiskeli yenye gia ikimfikia mtu pasipo elimu yake, itakwama katika mwendo mmoja siku waya utakapolegea, nayo itakuwa nzito na ya gharama kuliko ile ya kale. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa hudumu mikononi mwa ajuaye kukirekebisha.